Uzito wa Vitu na Kipimo cha Maziwa

Asubuhi na mapema mkulima hufika katika kituo cha kukusanyia maziwa na mtungi wake. Karani huchota maziwa kidogo, huyatia katika gilasi ndefu nyembamba, kisha hutumbukiza ndani yake chombo cha kioo chenye shingo. Chombo hicho huelea. Karani huinama, hutazama nambari iliyo shingoni, naye hutikisa kichwa na kusema, "Mzee, maziwa haya yana maji." Mtungi wote hurudishwa. Mkulima aweza kuapa kwamba hakutia hata tone moja, lakini nambari haina masikio.

Je, nambari hiyo husema kweli? Mara nyingi husema kweli, na mara nyingine humsingizia mtu asiye na kosa. Ili tuweze kutofautisha mambo hayo mawili, hapana budi kwanza tufahamu ni kitu gani hasa kinachopimwa pale.

Watoto hupenda kuulizana: kipi kizito zaidi, kilo moja ya pamba au kilo moja ya chuma? Anayejibu "chuma" huchekwa, kwa kuwa kilo ni kilo. Lakini mtoto huyo hakukosa kabisa. Alijibu swali jingine ambalo hakuulizwa, yaani, ikiwa vitu viwili ni vya ukubwa mmoja, kipi kitakuwa kizito kuliko mwenzake? Swali hilo ndilo somo letu.

Twaa debe la kawaida, ambalo huchukua lita 18 na kidogo. Ukilijaza maji, maji hayo yatakuwa na uzito wa kilo 18 hivi. Ukilijaza mafuta ya taa, utapata kama kilo 14 na nusu tu. Ukilijaza asali, mtu mmoja atalinyanyua kwa shida, maana asali hiyo itapita kilo 25. Debe ni lile lile, na nafasi iliyomo ni ile ile. Kilichobadilika ni wingi wa uzito ulioshindiliwa katika nafasi hiyo. Wataalamu hugawanya uzito wa kitu kwa ujazo wake, na jibu wanalolipata huliita densiti.

Maji ndiyo yaliyofanywa kigezo, kwa sababu mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, au karibu sana. Basi densiti ya maji ni 1. Mafuta ya taa ni 0.8, na mafuta ya kupikia ni 0.92 hivi, ndiyo sababu yote mawili huelea juu ya maji. Asali ni 1.4, mawe mengi ni 2.7 hivi, chuma ni 7.8, risasi ni 11.3, na dhahabu ni 19.3. Mti mwingi huelea kwa kuwa densiti yake haifiki 1, lakini mpingo huzidi hapo, nao huzama kama jiwe, jambo linalomshangaza kila anayeuona mara ya kwanza.

Anayenunua asali yafaa aikumbuke ile 1.4. Tuseme muuzaji mmoja ataka shilingi 1,000 kwa kilo, na wa pili ataka shilingi 1,200 kwa lita. Wengi watamkimbilia wa kwanza. Lakini lita ya yule wa pili ina kilo 1.4, kwa hiyo bei yake ni kama shilingi 857 kwa kilo.

Kupima densiti ya kitu kigumu si kazi ngumu. Yatakiwa mizani, na jagi lenye alama za mililita. Pima jiwe kwanza likiwa kavu. Tuseme ni gramu 540. Tia maji katika jagi hata alama ya 300, kisha lishushe jiwe polepole kwa uzi. Maji yakipanda hata 500, jiwe limechukua nafasi ya mililita 200. Gawanya 540 kwa 200, utapata 2.7. Asiye na jagi la namna hiyo aweza kujaza sufuria maji hata ukingoni, aiweke ndani ya karai kavu, alitumbukize jiwe, kisha ayapime kwa mizani maji yaliyomwagika karaini. Gramu za maji hayo ndizo mililita za jiwe. Kitu kinachoelea, kama kipande cha ubao, na kisukumwe chini kwa waya mwembamba mpaka kifunikwe chote.

Njia hii ni ya kale. Husimuliwa kwamba Arkimede, mtaalamu wa Kiyunani wa mji wa Syracuse aliyeuawa mwaka wa 212 kabla ya Kristo, alitakiwa na mfalme achunguze kama taji lake lilikuwa la dhahabu tupu au lilichanganywa na fedha, bila ya kulivunja. Fedha ina densiti ya 10.5 tu, basi taji lililochanganywa lingechukua nafasi kubwa kuliko dhahabu ya uzito ule ule. Kama kisa kilitokea hivyo au la, hesabu yake ni sahihi.

Sasa turudi kwenye maziwa. Densiti ya kitu cha majimaji hupimwa kwa chupa moja. Tuseme chupa tupu ina gramu 350, na ikijazwa maji huwa gramu 850. Basi huchukua gramu 500 za maji, yaani mililita 500. Ijaze maziwa safi badala ya maji, nayo itafika gramu 865. Maziwa yenyewe ni gramu 515, na densiti yake ni 1.03. Ni mazito kuliko maji, lakini kwa kidogo sana. Na hapo ndipo taabu ilipo. Mtu akitia sehemu moja ya maji katika kila sehemu kumi za mtungi, chupa ile itapungua kiasi cha gramu moja na nusu tu. Mizani ya dukani haiwezi kuona tofauti hiyo.

Kwa sababu hiyo kilibuniwa chombo kile cha kioo kiitwacho laktomita. Chini yake kimetiwa uzito ili kisimame wima, na shingo yake ni nyembamba. Katika maziwa mazito huelea juu zaidi, na katika maziwa mepesi huzama zaidi. Nambari 30 maana yake ni densiti ya 1.030. Maziwa ya ng'ombe yaliyo safi kwa kawaida husomeka kati ya 28 na 32. Ukiyatia maji sehemu ya kumi, ile 30 hushuka hata karibu na 27.

Lakini laktomita ina udhaifu, na wajanja waujua. Mafuta ya maziwa ni mepesi kuliko maji. Basi mtu akiengua malai, maziwa yanayobaki huwa mazito zaidi, na nambari hupanda hata 35 hivi. Kisha huongeza maji kidogo kidogo mpaka irudi 30. Ameiba mara mbili, na laktomita yampitisha bila neno! Ndiyo maana vituo vyenye vifaa hupima pia kiasi cha mafuta, au hutazama maziwa hugandia kwenye baridi ya kiasi gani, kwa sababu maji yaliyoongezwa huibadilisha hesabu hiyo pia.

Yule asiye na kosa huponzwa na mambo mengine, na la kwanza ni joto. Kila laktomita imeandikwa joto ambalo ilitengenezewa, mara nyingi digrii 20 za sentigredi. Maziwa yenye joto hutanuka, densiti yake hupungua, na chombo huzama zaidi. Kwa kila digrii moja iliyozidi, yapasa kuongeza 0.2 juu ya nambari iliyosomwa, na kwa kila digrii iliyopungua kuondoa 0.2. Maziwa ya digrii 25 yakisomeka 27, hesabu ya haki ni 28, nayo yafaa kupokewa. Karani asiyetumia kipimajoto huyarudisha. Hata hivyo hesabu hii ni ya tofauti ndogo tu za joto. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yasipimwe kabisa, kwa kuwa yana povu na hewa ndani yake. Yaachwe yapoe kwa saa kadhaa mahali penye baridi.

La pili ni kukoroga. Mtungi uliotulia huwa na malai juu, na maziwa mazito chini. Nambari ya maziwa yaliyochotwa juu tu si nambari ya mtungi. Yakorogwe polepole, bila kufanya povu, kisha yachotwe.

Basi mkulima aliyerudishiwa maziwa ana haki ya kuomba kwa adabu kwamba joto lipimwe, maziwa yakorogwe, na laktomita isomwe tena mbele yake, jicho likiwa sawa na uso wa maziwa. Shaka ikibaki, na wakamuliwe ng'ombe wake mwenyewe mbele ya shahidi, maziwa yote mpaka tone la mwisho, kwa kuwa yale ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Yakiisha kupoa, yapimwe, na nambari yake iwekwe kando ya ile ya kituoni.