Umeme wa kutuliza neva za moyo: niuze kiwanja?

SWALI: Daktari, mama yangu, miaka 61, aliambiwa moyo wake umepanuka na hausukumi damu vizuri. Miguu inavimba, akitembea kidogo anahema. Nimeona video ya mashine inayopandikizwa mwilini na kupeleka umeme kwenye neva ili moyo upate nguvu. Ni kweli? Nina kiwanja, niko tayari kukiuza. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwanangu, kiwanja usikiuze. Ulichokiona si uzushi, ila hakijafika pale unapotumaini.

Usikichanganye na betri ya moyo, ambayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete huipandikiza pale Dar es Salaam. Betri hupeleka umeme kwenye msuli wa moyo wenyewe. Mashine uliyoiona hulenga neva zinazouamuru.

Kuna neva za kuuharakisha moyo, na kuna neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni, ambayo huutuliza. Mwaka 1921 Otto Loewi, akiwa Graz, Austria, alichochea vagasi ya moyo wa chura kwa umeme, mapigo yakapungua. Akachota majimaji yaliyokuwa ndani ya moyo ule, akayatia kwenye moyo wa chura wa pili. Nao ukapunguza mwendo, bila kuguswa na umeme! Neva ilikuwa imemwaga kemikali. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Moyo ukichoka, mwili huona damu haitoshi, basi neva za kuharakisha huuchapa usiku na mchana, kama punda aliyelemewa anayezidishiwa viboko. Ndipo wataalamu wakafikiria kuichochea vagasi. Utafiti mkubwa uitwao INOVATE-HF, wa wagonjwa 707, ulitoa majibu mwaka 2016: vifo na kuzidiwa havikupungua, ingawa waliowekewa kifaa walijisikia nafuu na kutembea mbali zaidi. Kifaa kingine huchochea vihisio vya presha kwenye mshipa wa damu wa shingoni. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2019 kwa baadhi ya wagonjwa, kwa ajili ya kupunguza dalili, nao huendelea kumeza dawa zao.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Vidonge kama karvedilolo au bisoprololo huzuia viboko vilevile, navyo vimethibitika kurefusha maisha. Nenda na mama kliniki, uliza kama yumo kwenye dawa hizo, pamoja na enalaprili, spironolaktoni na dapagliflozini, na kama dozi zimepandishwa hadi kiwango anachokihimili. Wengi huachwa kwenye dozi ya kuanzia miaka nenda rudi, jambo linaloniumiza sana. Asiache dawa ghafla hata akijisikia mzima.

Nunua mizani. Ajipime kila asubuhi akitoka msalani, kabla ya chai. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, maji yanajaa mwilini: mpeleke hospitali siku hiyohiyo.