Mabomba Mawili ya Sindano na Mwendo wa Trekta Dogo

Katika baadhi ya matrekta madogo ya shambani, dereva huongeza mwendo, huupunguza, hata hurudi nyuma, kwa kukanyaga pedali tu, bila kugusa klachi. Nguvu ya injini hupelekwa magurudumuni na mafuta yanayozunguka baina ya pampu na mota. Mwanafunzi akielezwa haya kwa maneno matupu, hukariri na kusahau. Twapendekeza aanze kwa mikono yake.

Vifaa: Bomba la sindano la mililita 5 na jingine la mililita 20, mpira mwembamba wa kuyaunganisha, rula na maji. Mabomba yawe mapya, yasiyo na sindano. Kamwe wanafunzi wasitumwe kuokota yaliyotupwa.

Hatua ya kwanza: Mabomba yakiwa na hewa tupu, mwanafunzi asukume pistoni moja huku mwenzake akiizuia nyingine. Hewa itabonyea. Warudie kwa maji yasiyo na mapovu. Safari hii msukumo utafika papo hapo.

Hatua ya pili: Bomba dogo lisukume kubwa. Mililita 5 zikitoka, mililita 5 huingia. Lakini rula itaonyesha kwamba pistoni kubwa imesogea kidogo kuliko ndogo, na anayeizuia atakiri kwamba amezidiwa nguvu. Tuwaulize: je, nguvu hiyo imepatikana bure? Wagundue wenyewe kwamba kilichozidi katika nguvu kimepungua katika mwendo.

Hatua ya tatu: Tuchore pampu ubaoni. Ndani yake pistoni ndogo huzunguka zikiegemea sahani. Sahani ikisimama wima, pistoni hazisukumi mafuta, na trekta husimama ingawa injini yanguruma. Pedali ikiinamisha sahani kidogo, mafuta machache hufika kwenye mota, na trekta huenda polepole kwa nguvu nyingi. Sahani ikiinama zaidi, mwendo huongezeka. Ikiinama upande wa pili, mafuta hugeuza njia na trekta hurudi nyuma.

Tathmini: Tusiwatake wataje kanuni. Tuwaulize: hewa ikiingia katika mafuta ya trekta hili, dereva ataona nini akikanyaga pedali? Aliyekariri atanyamaza, aliyeshika bomba atakumbuka jinsi hewa ilivyobonyea mkononi mwake, naye atajibu.