Mume wangu akitoka gerezani, atafukuzwa nchini?

SWALI: Mume wangu ni Mkomoro. Mahakama ya Mwanakwerekwe imemfunga kwa wizi wa kutumia nguvu. Tuna watoto wawili, wote wamezaliwa hapa Unguja. Je, atarudishwa kwao?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Anaweza kurudishwa, na ndoa pekee haimkingi. Kesi yake imesikilizwa na mahakama ya Zanzibar, lakini uhamiaji ni jambo la Muungano. Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, inampa Waziri mwenye dhamana ya uhamiaji uwezo wa kutoa amri ya kumfukuza mgeni. Kwa kawaida kifungo hutumikiwa kwanza.

Sheria ya Uraia ya 1995 inamfungulia njia ya uraia mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania. Mwanamume aliyeoa Mtanzania hakupewa njia hiyo. Kwangu huu ni ubaguzi, nao unaziumiza familia kama yako. Watoto wako, hata hivyo, ni raia kupitia kwako. Hakuna wa kuwatoa.

Kama hukumu ina kasoro, kateni rufaa sasa, msisubiri amalize kifungo. Muone wakili wiki hii, ukiwa na nakala ya hukumu, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.