Elimu kwa Umma: Msaada wa Dharura Baada ya Mafuriko Huanzia Kijijini

Mkoa wa Tabora hupata mvua zake katika msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa wakazi wa Uyui msimu huo ndio uhai wa mpunga, mahindi na tumbaku. Ndio pia hujaza mabonde, hukata barabara na kuangusha nyumba za matofali mabichi, ambazo kuta zake hulowa kuanzia chini na huweza kuporomoka hata baada ya maji kupungua. Kaya iliyopoteza makazi na chakula kwa usiku mmoja hujiuliza: tuanzie wapi?

Jibu ni kwamba tuanzie kijijini. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa katika ngazi ya kijiji au mtaa, kata, wilaya na mkoa. Kamati ya Wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya, na ya Mkoa huongozwa na Mkuu wa Mkoa. Kitaifa, uratibu uko Ofisi ya Waziri Mkuu, Idara ya Menejimenti ya Maafa. Taarifa ya maafa hupanda kwa ngazi hizo, na msaada hushuka kwa ngazi hizo hizo. Mwananchi anayefunga safari hadi Isikizya kabla ya kuandikishwa kijijini kwake hupoteza nauli na muda, kwa kuwa orodha inayohitajika huandaliwa kule alikotoka.

Saa za kwanza

Maisha hutangulia mali. Pale mtu anapozingirwa na maji, piga simu 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au 112 kwa Polisi. Usivuke maji yaendayo kasi, wala usirejee kulala katika nyumba ambayo kuta zake zimelowa au kupata nyufa. Familia ikishakuwa mahali salama, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ataifikisha kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na kutoka hapo kwa mtendaji wa kata.

Tathmini ya hasara

Hatua hii ndiyo inayoamua mengi. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 na kuathiri kaya zaidi ya 51,000 nchini. Hesabu ya namna hiyo hujengwa kijiji kwa kijiji, jina kwa jina. Kaya isiyoandikwa haionekani wakati mahindi, maharage, mablanketi na mahema yanapogawiwa.

Wanaosahaulika kwa urahisi ni wapangaji, kwa kuwa nyumba huandikwa kwa jina la mwenye nyumba. Wajane na wazee wanaoishi peke yao. Waliohamia kwa ndugu katika kijiji kingine. Na wakulima walioko katika makambi ya mashamba ya tumbaku mbali na makazi yao. Aliye katika kundi mojawapo ajitokeze mwenyewe au amtume jirani anayemfahamu. Vilevile, kuwa mnufaika wa TASAF si sawa na kuandikishwa kama mwathirika wa mafuriko. Hizo ni orodha mbili tofauti.

Mbele ya watathmini, taja idadi ya watu katika kaya, ukibainisha watoto wachanga, wajawazito, wagonjwa na wenye ulemavu. Eleza nyumba, chakula kilichohifadhiwa, mifugo na ekari zilizoharibika. Ukiweza, piga picha kabla ya kusafisha. Hasara ya mazao mjulishe pia afisa ugani na chama chako cha msingi, hasa kama una mkopo wa pembejeo.

Msaada si fidia

Ni vyema jambo hili lieleweke mapema. Msaada wa dharura hulenga kuiwezesha kaya kula, kujisitiri na kubaki na afya. Si malipo ya kila kilichopotea. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, Serikali ilielekeza nguvu zaidi katika kurejesha miundombinu ya umma. Baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 katika Wilaya ya Hanang, ilijenga nyumba kwa ajili ya waliopoteza makazi. Kila tukio huamuliwa kwa ukubwa wake na uwezo uliopo. Kwa hiyo, kaya isisubiri nyumba mpya ndipo ianze kujijenga upya.

Kuandikishwa ni bure. Yeyote anayedai malipo ili aingize jina katika orodha, au anayeuza chakula cha msaada, atolewe taarifa TAKUKURU kwa simu 113, bila malipo.

Nyaraka na afya

Waliopoteza vitambulisho au vyeti waanze kwa kutoa taarifa Polisi, kisha waende NIDA kwa Kitambulisho cha Taifa na RITA kwa cheti cha kuzaliwa. Maji ya visima vilivyofurikiwa yachemshwe au yatiwe dawa, kwa kuwa vyoo vikifurika kipindupindu hakiko mbali. Anayeharisha apelekwe zahanati mara moja.

Kabla mvua hazijakolea, kila kaya ifanye mambo matatu: ihifadhi nyaraka katika mfuko wa plastiki juu ya kenchi, iandike namba za simu za mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, na ikubaliane na ndugu au jirani aliye mwinukoni mahali pa kukimbilia. Mambo hayo hayagharimu fedha nyingi, na ndiyo yatakayoipa kaya mahali pa kuanzia maji yatakapoingia.