Usuhuba Kazini na Ugavi wa Maarifa Miongoni mwa Wahadhiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya usuhuba katika ugavi wa maarifa miongoni mwa wahadhiri. Maarifa yanayorejelewa si yale ya vitabuni, kwani hayo humfikia hata asiyesalimiana na jirani yake wa ofisi. Ni yale yaliyomo kichwani mwa mjuzi na ambayo aghalabu hayaandikwi.

Mfano mwafaka ni usomaji wa tenzi za kale zilizohifadhiwa kwa hati za Kiarabu. Katika miswada mingi ya aina hii, herufi moja, *ba*, huwakilisha sauti /b/, /p/ na hata /mb/. Kwa hiyo neno lile lile laweza kusomwa *bata*, *pata* au *mbata*. Kanuni yenyewe hufunzwa kwa siku moja. Kuamua ni neno lipi alilokusudia mtunzi ni jambo jingine: kunadai uzoefu wa lahaja, mazoea ya mwandiko wa mnakili na sikio lililozoea vina. Uzoefu huo hupokezanwa watu wawili wanapoinamia ukurasa mmoja, na mdogo asione haya kuuliza swali linaloonekana la kipumbavu. Haya ndiyo kizuizi kikuu, na usuhuba ndio huiondoa.

Historia ya Chuo Kikuu cha Nairobi ina ushahidi wa namna nyingine. Mnamo Oktoba 24, 1968, James Ngugi (baadaye Ngugi wa Thiong'o), Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka uliopendekeza Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Kiafrika iwekwe kitovuni. Ngugi alikuwa mwanariwaya, Owuor-Anyumba mjuzi wa fasihi simulizi na muziki, Taban mshairi na mwanainsha. Ni vigumu kufikiria kwamba fasihi simulizi ingepewa uzito ule iwapo mwanariwaya angeandika peke yake.

Hata hivyo, usuhuba hubagua. Wanaokunywa chai pamoja mara nyingi ni wa rika moja, na mhadhiri wa muda, anayekimbilia kipindi katika bewa jingine, hana kiti mezani hapo. Isitoshe, anayewania cheo hupimwa kwa machapisho yenye jina lake, si kwa saa alizomwelekeza mwenzake. Si ajabu basi kwamba wengine huficha wanachokijua.

Mhadhiri anapostaafu, vitabu vyake huweza kuachwa maktabani. Namna alivyoamua kati ya *bata* na *mbata* huondoka naye, ila kama kuna aliyekuwa akiketi kando yake.