Kabla Hujasaini Ubia wa Saruji ya Udongo

Kampuni ya nje ikikujia na mpango wa kuzalisha saruji isiyochafua sana hewa, usikimbilie kuuliza bei ya mtambo. Uliza kwanza kama udongo wako unafaa.

Saruji tuliyoizoea hutegemea klinka, ambayo hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye tanuru kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Mawe yenyewe hutoa hewa ukaa yanapochomwa, kwa hiyo hata ukibadili kuni, makaa au gesi, sehemu kubwa ya uchafuzi inabaki palepale. Dawa ni kupunguza klinka. Saruji ya LC3, iliyobuniwa na watafiti wa Uswisi, Cuba na India, huwa na klinka nusu tu. Asilimia 30 ni udongo uliochomwa, 15 ni mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, na 5 ni jasi. Udongo huchomwa kwa nyuzi 700 hadi 850, na unachotoa ni mvuke wa maji. Hewa ukaa inaweza kupungua kwa asilimia 40.

Ghana, ambayo huagiza klinka kwa meli, ni mfano mzuri. Huko Tema, kampuni ya CBI Ghana ilitafuta teknolojia ya kuchoma udongo kutoka FLSmidth ya Denmark. Kila klinka inayopunguzwa huokoa fedha za kigeni, na hesabu hiyo ina ushawishi mkubwa kuliko hotuba za tabianchi; sioni ubaya wowote.

Udongo unaotakiwa ni wenye kaolini, angalau asilimia 40. Vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam, vinajulikana kwa kaolini, lakini sifa ya eneo haitoshi. Chukua sampuli kwenye mashimo kadhaa na kwa vina tofauti, uzipeleke kwenye maabara isiyo ya muuza mtambo. Waulize pia kuhusu chuma: udongo wenye chuma ukichomwa huwa mwekundu, na mnunuzi aliyezoea saruji ya kijivu atadhani umechanganya vumbi la matofali. Mitambo mizuri ina namna ya kudhibiti rangi; hilo liandikwe kwenye mkataba.

Kisha nenda shirika la viwango, TBS la Tanzania au KEBS la Kenya, ukajue mchanganyiko wako unaangukia daraja gani. India ilitoa kiwango chake cha LC3 mwaka 2023. Mzigo usio na kiwango hauingii kwenye zabuni za serikali.

Kipengele cha mkataba kinachosahaulika sana ni haki ya kuuza punguzo la hewa ukaa. Chini ya Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris, punguzo likihamishiwa nchi nyingine, nchi yako haiwezi kulihesabu tena kuwa lake. Usimwachie mbia haki hiyo bure, wala usiiuze bila idhini ya serikali.

Mwisho, wakumbuke mafundi. Zege la saruji hii huwa zito kumimina, na fundi asiyejua ataongeza ndoo ya maji, nguvu ipotee. Linahitaji kemikali ya kulainisha, na siku ya kwanza hukomaa polepole kuliko lile la kawaida, ingawa baada ya wiki moja hivi hulifikia. Kwa hiyo mbia alipie mafunzo ya mafundi na wauza saruji, siyo ya waendesha mtambo peke yao.