SOMO: KUMBUKUMBU ZA KAZI YETU NDANI YA KOMPYUTA



Katika mashamba na viwanda vingi, kilo za chai tunazopima, saa za ziada tunazofanya na makato tunayokatwa huandikwa katika kompyuta moja kubwa iitwayo seva. Siku inapoharibika tunaambiwa, "Kumbukumbu zimepotea," na lawama humwangukia karani. Yafaa tujue inavyofanya kazi, tusije tukadanganywa wala kumwonea mwenzetu.

Diski na mnyapara wake

Kumbukumbu hukaa katika diski. Diski kadhaa husimamiwa na kadi moja iitwayo kidhibiti. Hicho ndicho mnyapara: huamua kipi kiandikwe katika diski ipi. Utaratibu wa kufanya diski nyingi zitumike kama moja huitwa RAID. Ulielezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika RAID 1, diski mbili huandika jambo lile lile. RAID 5 huhitaji diski 3 au zaidi. Moja ikifa kazi huendelea, lakini ikifa ya pili kabla ya ile ya kwanza kubadilishwa na kujazwa upya, zote husimama.

Hatua za kuchunguza

1. Kabla ya kugusa chochote, fundi asome orodha ya matukio iliyotunzwa na kidhibiti, na aichukulie nakala.

2. Taa ya diski ikiwa nyekundu au ya rangi ya chungwa, hilo ni onyo, hata kama kazi inaendelea. Diski ibadilishwe bila kuchelewa. Namba yake ihakikishwe kwanza, kwa maana kuchomoa nzima badala ya mbovu kwaweza kusimamisha zote.

3. Diski nyingi zikizima kwa mara moja, si kawaida kwamba zote zimekufa pamoja. Zichunguzwe nyaya, umeme, joto na kidhibiti chenyewe.

4. Seva ikiwa nzito ghafla, betri ya kidhibiti itazamwe. Kidhibiti hushika maandishi kwa muda kabla ya kuyapeleka katika diski, na betri huyalinda umeme ukikatika. Betri ikichoka, vidhibiti vingi huacha kushika, na kazi hupungua mwendo. Vikilazimishwa kushika bila betri, umeme ukikatika maandishi ya mwisho hupotea.

5. Kidhibiti kikifa, mara nyingi kumbukumbu bado zimo katika diski, na kidhibiti kingine cha aina ile ile chaweza kuzisoma. Mtu asitoe amri ya kuandaa diski upya, maana amri hiyo yaweza kuzifuta. Kwa hiyo neno "zimepotea" tusilikubali upesi.

Jambo la kushika

RAID si nakala ya akiba. Karani akifuta ukurasa kwa makosa, unafutika katika diski zote. Moto ukiteketeza ofisi, diski zote zinaungua. Hapana budi nakala iwekwe mahali pengine, na mara kwa mara ijaribiwe kama yaweza kurudishwa. Kuwa na nakala hiyo ni kazi ya mwajiri, wala karani asibebeshwe kosa la mwajiri asiyenunua betri wala diski ya akiba.

Nasi tuna wajibu wetu. Tutunze hati za mishahara na vikaratasi vya mizani. Mashine ikinyamaza, karatasi mkononi mwa mfanyakazi itasema.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kumbukumbu za mishahara yetu zina nakala? Iko wapi?
2. Nakala hiyo ilijaribiwa lini?
3. Seva ikisimama siku ya malipo, tumepatana na mwajiri tulipwe kwa hesabu gani?